Usiniandike Peke Yangu

Katika chumba cha habari walimwita Bi Nukta, na jina hilo alilipata kwa kalamu yake. Umpelekee sentensi ndefu kama foleni ya hospitali, atakutilia nukta mbili tatu, na maneno yaliyokuwa yakisukumana yatapata pa kukaa. Alikuwa mhariri wa lugha wa gazeti lile tangu enzi za kurasa kubandikwa kwa gundi. Waandishi waliopita mikononi mwake walitoka na alama: hawakuweza tena kuandika "ikumbukwe kwamba" bila kusikia sauti yake nzito ikiuliza, "Kwani nani kasahau?"

Aliamini sentensi iliyonyooka kama wengine wanavyoamini dawa. "Tafuta mtenda," alikuwa akiwaambia wageni wa kazi. "Kitendo hakitembei chenyewe barabarani. Kina mwenyewe. Mtafute huyo mwenyewe, mtangulize, sema alichofanya, halafu unyamaze."

Siku kiwanda cha magodoro kilipoungua, habari ililetwa mezani kwake na mwandishi wa matukio, bwana mmoja mwenye kitambi aliyeshaona ajali nyingi kuliko mchimba makaburi. Viatu vyake vilikuwa na majivu mpaka kwenye kamba. Bi Nukta alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kama kawaida yake:

"Moto mkubwa ambao chanzo chake hakijaweza kufahamika mara moja umezuka majira ya mchana katika maeneo ya kiwanda cha magodoro na kupelekea wanawake tisa kuweza kupoteza maisha."

Akamtazama juu ya miwani. "Waliweza kupoteza maisha? Kwani walikuwa wakijaribu?"

Siku nyingine chumba kizima kingecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mwandishi alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Nimewaona, Mama," alisema. "Walikuwa wamelundikana mlangoni. Sijui nielezeje. Kama nguo zilizotupwa."

"Mlango gani?"

"Wa nyuma. Ulikuwa na kufuli kwa nje."

"Mbona hukuandika?"

"Nimeandika." Akamwonyesha mstari wa chini kabisa: inadaiwa kuwa mlango haukuweza kufunguka kwa wakati.

Bi Nukta alishika kalamu, akalizungushia duara neno "haukuweza". "Kufuli haliruki likajifunga lenyewe. Nani alifunga?"

Yule bwana aliangalia sakafu. "Wanasema msimamizi wa zamu."

Kalamu ilibaki hewani. Msimamizi wa zamu katika kiwanda kile alikuwa mdogo wake Bi Nukta, tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, ambaye yeye alimbeba mgongoni akiwa bado mtoto mwenyewe. Mchana ule, moshi mweusi ulipoonekana juu ya mapaa, alikuwa amempigia simu wifi yake mara kadhaa, na mwishowe kuambiwa, "Yuko nyumbani, mzima." Akashukuru, akarudi kwenye koma zake. Hakuuliza zaidi. Kazi ilikuwa nyingi.

Sasa alikunja miwani, akaitia mkobani, akatoka bila kumuaga mtu.

*

Nyumba ya mdogo wake ilinuka sponji iliyoungua, harufu tamu inayoshika kooni. Wifi yake alikuwa uani akifua shati moja tu, akilisugua, akilisuuza, akilirudisha tena kwenye povu. Mama yao alikuwa sebuleni, mikono mapajani. Mwenyewe alikuwa jikoni, ameketi juu ya kigoda kama mtoto aliyekatazwa kutoka nje, kiganja cha kulia kimeviringishwa kitambaa.

"Dada," alisema kabla hajaulizwa. "Nilifunga mimi."

Bi Nukta alishika ukingo wa meza.

Akaeleza. Wiki ile bosi, mwenye kiwanda, alipita kukagua, akaona mtu akipitisha vipande vya sponji kwa mlango wa nyuma. Akasimama katikati ya mashine, akasema, "Kuanzia leo huo mlango ufungwe. Nimechoka na wizi." Kisha akaingia garini.

"Alikwambia wewe?"

"Alisema tu. Ufungwe. Nani mwingine angefunga, Dada? Funguo nakaa nazo mimi."

Basi akawa anafunga. Siku ya moto alifunga kama kawaida, akaenda mbele kupokea lori la gundi. Cheche ilitoka kwenye mashine ya kukatia. Sponji haiungui kama kuni, alisema. Inayeyuka, inalia, inatoa moshi mzito kama lami. Watu wa mbele walitoka. Yeye alizunguka ukuta kwa nje akikimbia, ufunguo mkononi, mpaka nyuma. Kufuli lilikuwa la moto kama pasi. Aliingiza ufunguo. Haukuzunguka.

"Nilizisikia sauti zao," alisema. "Walikuwa wananiita kwa jina. Waliniona, kuna tundu pale juu. Halafu sikuzisikia tena."

Huko uani wifi alimwaga maji ya povu, akateka mengine. Kisha mama yao, ambaye kumbe alikuwa amesogea mpaka mlangoni, akasema, "Sasa mwanangu, wewe ndiye mwenye gazeti."

"Mimi si mwenye gazeti, Mama. Mimi nasahihisha."

"Ndio hivyo hivyo. Unayajua maneno. Andika mlango ulikwama. Utakuwa umesema uongo? Kufuli si lilikwama?"

Wifi aliingia, mikono ikidondosha povu. "Wifi, sisi tuna watoto," alisema.

Lakini sentensi ilikuwa imeshamjia Bi Nukta. *Mlango haukufunguka.* Ilikuja yenyewe, kamili, imepigwa pasi. Aliijaribu kimya kimya ulimini. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na uzito wa msiba na haikuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Alijua, kuliko wote waliokuwa ndani ya nyumba ile, jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Mtu anafunga mlango. Mlango unafungwa, na huyo mtu amesogea nyuma ya pazia. Mlango haufunguki, na mtu hayupo tena, hajawahi kuwepo. Umebaki mlango na tabia zake. Herufi chache tu mwishoni mwa kitenzi, na binadamu ametoweka na funguo zake mfukoni. Na pamoja na mdogo wake angetoweka mwingine, yule aliyeingia garini. Sentensi ile ingewaokoa wote wawili. Ingewaacha wanawake tisa wakiwa wameuawa na bawaba.

Mdogo wake alikuwa akimtazama usoni. Alimjua, alimwona akiipima.

"Usiandike hivyo," alisema.

"Hivyo vipi? Sijasema kitu."

"Dada, niandike. Wale walikuwa wenzangu. Tulikuwa tunakula pamoja." Akameza mate. "Lakini usiniandike peke yangu."

"Sitakuandika peke yako," Bi Nukta alisema.

Mama yao aligeuka akarudi sebuleni, akajifunika khanga mpaka kichwani.

*

Kesho yake asubuhi Bi Nukta alikwenda hospitali na yule mwandishi wa matukio. Kati ya waliotoka hai kulikuwa na mshona foronya mmoja ambaye alipanda juu ya marobota na kupita kwenye dirisha la juu. Alilazwa kitanda cha mwisho, amefungwa bandeji kichwani mpaka kifuani, midomo na jicho moja tu vikionekana.

"Ulimsikia mwenye kiwanda akitoa amri?" Bi Nukta aliuliza.

"Nilimsikia." Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ikija kidogo kidogo. "Nilikuwa kwenye cherehani, yeye kasimama hapo hapo mgongoni kwangu. Akasema, huo mlango ufungwe. Mmoja wetu akamwambia, bosi, moto ukitokea je? Akasema, wezi hawaungui."

Mwandishi aliacha kuandika, kisha akaendelea.

"Utakubali tukutaje?"

Jicho lile lilimgeukia. "Nitajeni. Sina uso wa kuficha tena."

Bi Nukta alirudi kazini akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Habari yenyewe iliandikwa na mwandishi wa matukio, ikanyooshwa haraka. Sentensi ya kwanza ndiyo iliyomlia saa zote zilizobaki za asubuhi. Akaandika: Msimamizi wa zamu alifunga mlango kwa amri ya mwenye kiwanda. Akaifuta, ile "kwa amri" ilikuwa nyepesi, ilining'inia mwishoni kama kifungo kilicholegea, mtu angeweza kuikata kwa ukucha. Akaandika sentensi mbili, mmoja huku na mwingine kule. Akazifuta. Hao wawili aliwataka ndani ya sentensi moja, pingu moja, kitenzi kimoja. Akawa anarudia kitenzi chenyewe kwa kunong'ona, funga, fungia, fungisha, mpaka mhasibu aliyepita nyuma yake akamuuliza kama kuna harusi.

Mwishowe ikakaa:

*Msimamizi wa zamu alifunga mlango kwa kufuli, na mwenye kiwanda ndiye aliyemfungisha.*

Aliisoma kwa sauti. Kila mtu alikuwa mahali pake. Ilianza na mtu mdogo, ikaishia kwa mkubwa, na neno la mwisho lilianguka kwa kishindo cha mlango wenyewe. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwa ameandika sentensi yenye haki kama ile, na katikati ya uchungu wake alijisikia fahari ambayo baadaye aliionea haya.

"Hii itatuumiza," mwandishi wa matukio alisema.

"Ndiyo kazi yake."

Akaipeleka mwenyewe kwa Mhariri Mkuu, mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, ambaye naye zamani alipitia mikononi mwake. Akamwambia wazi kwamba msimamizi huyo ni mdogo wake, na kwamba kama ataona vibaya habari hiyo kupita mezani kwake, ampe mwingine. Mhariri Mkuu alivua miwani.

"Umeandika jambo hili kuhusu ndugu yako mwenyewe?"

"Nimeandika lilivyokuwa."

Akaisoma mara mbili. "Hakuna mwingine nchi hii anayeweza kuandika hivi," alisema, na alikuwa akisema kweli. "Nenda nyumbani. Nitaipitisha."

Siku zote Bi Nukta alikuwa hatoki mpaka ameuona ukurasa wa mbele umefungwa, tayari kuchapwa. Siku hiyo alitoka mchana, kwa sababu mdogo wake alitaka kujipeleka polisi kabla gazeti halijatoka, na hakutaka kwenda na mtu mwingine. Walitembea kwa miguu, Bi Nukta akimsomea ile sentensi. Njiani mdogo wake alinunua peremende, akampa dada yake moja, kama walivyokuwa wakifanya zamani wakitoka shule. Kituoni askari alitoa karatasi akauliza, "Ulifunga, hukufunga?"

"Nilifunga. Lakini bosi alisema..."

"Twende taratibu. Ulifunga." Akaandika.

*

Asubuhi Bi Nukta alikuta watu wamesimama mbele ya meza ya muuza magazeti, vichwa vimeinama. Hawakuwa wakipigana vikumbo kama siku za mpira. Walikuwa wanasoma kimya, na aliyemaliza alimpisha mwenzake.

Herufi zilikuwa kubwa kama za tangazo la uchaguzi. MSIMAMIZI ALIFUNGA MLANGO. Chini yake, kwa wino mzito:

*Msimamizi wa zamu alifunga mlango kwa kufuli.*

Nukta.

Alisoma ile nukta kama mtu anavyoangalia shimo mahali palipokuwa na ngazi. Akafungua ndani, akatafuta sehemu ya pili. Haikuwepo. Mshona foronya alikuwepo, lakini maneno yake yalikuwa yamebaki haya: manusura mmoja alisema kiwanda kilikuwa na tatizo la wizi.

"Mnyama huyu," alisema mzee mmoja pembeni yake, akigonga gazeti kwa kidole.

Mhariri Mkuu hakujificha. Alikuwa ofisini akimngoja, chai mbili mezani.

"Mwanasheria alikuja jioni," alisema. "Tajiri ana mawakili kama timu ya mpira. Amri yenyewe hatuna karatasi yake, hatuna sauti yake."

"Nina watu wawili walioisikia."

"Mmoja ndugu yako. Mwingine mahututi."

"Basi ungeitoa yote!"

"Kwa nini niitoe? Ni kweli. Ndugu yako mwenyewe amekiri. Nionyeshe neno moja la uongo pale."

Bi Nukta alipitisha kidole chini ya kila neno. Hakukuwa na neno la uongo. Maneno yote yalikuwa yake, kwa mpangilio wake.

"Nimefupisha tu, Mama," Mhariri Mkuu alisema taratibu. "Palipokuwa na koma nimetia nukta. Umetufundisha wewe. Na kusema kweli, imekuwa kali zaidi."

Hakuwa akimkejeli. Angekuwa anakejeli, Bi Nukta angemmwagia ile chai. Alikuwa akimsifu.

Alidai wasahihishe. Baada ya wiki moja, kwenye ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mashine za kusaga, kilitokea kisanduku kidogo: *Uchunguzi zaidi kuhusu mazingira ya tukio unaendelea.* Aliitafuta ndani ya maneno hayo roho moja inayopumua, hakuipata. Siku hiyo hiyo alikusanya kamusi zake na kikombe chake, akaondoka. Alizunguka magazeti mengine na redio. Walimpokea kwa heshima, wakamkalisha, wakamsikiliza. Kisha wakamuuliza kama ana karatasi.

*

Sentensi ile ilitembea. Ilikuwa fupi, ilikaa mdomoni vizuri, mtu angeweza kuitupa akiwa anavuka barabara. Watangazaji walifungua taarifa zao kwa sentensi hiyo. Ilichorwa kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba ya mdogo wake, na wifi akaisugua kwa majivu mpaka rangi ya ukuta ikatoka, na ikaja kuchorwa tena. Watoto wake waliacha kwenda shule ya karibu, wakapelekwa kwa bibi wa upande wa mama.

Mshona foronya alifariki kabla kesi haijaanza. Mwandishi wa matukio ndiye aliyempigia Bi Nukta simu kumpa habari. Alisema, "Amefariki," kisha akanyamaza kama alivyofundishwa.

Mahakamani Bi Nukta alikaa benchi la nyuma. Mama yake na wifi walikaa la mbele, na hawakugeuka. Mwendesha mashtaka alianza kwa kusoma gazeti. Alikuwa na sauti nzuri. Aliisoma sentensi ile polepole, akapumzika pale kwenye nukta, na ukumbi mzima ukashusha pumzi pamoja naye. Bi Nukta alijua hasa kwa nini walishusha pumzi. Alikuwa amezihesabu silabi hizo mwenyewe.

Mwenye kiwanda alipanda kizimbani kama shahidi, akiwa na leso. Alisema amepoteza usingizi. Alisema, "Mlango ulifungwa bila uongozi kufahamishwa," na hakuna aliyemuuliza uongozi ni nani.

Zamu ya mdogo wake ilipofika, wakili alimsogelea.

"Ulifunga, hukufunga?"

"Nilifunga, lakini aliyenifung..."

"Umejibu. Asante."

"Naomba nimalizie."

"Umeshamaliza," wakili alisema, na hakimu akaandika.

Alipewa miaka mingi. Mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa bado anatambaa, angekuwa ameota ndevu siku baba yake anatoka. Nje ya mahakama mama yao alisimama mbele ya Bi Nukta kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jikoni. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anatafuta uso mwingine nyuma ya ule.

"Ungeandika ulikwama," alisema.

Akashika mkono wa wifi, wakaondoka.

*

Kwa kuwa magazeti hayakumtaka, Bi Nukta aliamua kwenda kwa wenye msiba, nyumba kwa nyumba, awaambie kwa mdomo nusu iliyokatwa. Alianza kwa mama wa msichana mdogo kuliko wote waliokufa, aliyekuwa akibandika lebo za saizi kwenye magodoro. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, safi, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe. Mwanamke alimpokea vizuri, akamfutia kiti kwa upindo wa nguo.

Ukutani, mahali ambapo watu wengine hutundika picha, palikuwa na kipande cha gazeti kimepigwa misumari minne. Sentensi moja na kichwa chake.

"Mimi ndiye niliyeandika hiyo," Bi Nukta alisema.

Mwanamke alimshika mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Hujui umenifanyia nini. Siku zile za kwanza nilikuwa nalala naamka najiuliza, ni nini? Umeme? Shetani? Nilikuwa nagombana na moto. Sasa namjua. Najua mtu wa kumlaani. Napata kausingizi."

"Haikuwa nzima," Bi Nukta alisema. "Ilikatwa. Kuna mwingine. Aliyemwambia afunge."

Mikono ile ikalegea. "Mwingine nani?"

"Mwenye kiwanda."

Mwanamke alitazama ukutani, akamtazama yeye, akatazama tena ukutani. "Yule aliyeleta sanda? Alikuja hapa. Alilia. Alikaa hicho kiti ulichokalia."

"Ndiye aliyeamuru."

"Mbona haijaandikwa?"

Bi Nukta alianza kueleza: mwanasheria, karatasi, mshona foronya aliyefariki, nukta iliyowekwa palipokuwa na koma. Alijisikia akisema kama wale aliowasahihisha maisha yake yote, maneno yakikanyagana, "lakini" juu ya "kwa sababu" juu ya "yaani". Kila alichoongeza kilipunguza. Aliona uso wa yule mama ukijifunga taratibu, si kwa ukali, kwa uchovu.

"Na wewe ni nani wa yule msimamizi?" mwanamke aliuliza.

"Dada yake."

"Aa." Alinyanyuka. Alikwenda ukutani akabonyeza msumari mmoja uliokuwa umelegea, akaurudisha kwa kidole gumba. "Dada, usinichanganye. Mimi nimeshaelewa. Rudi nyumbani."

Bi Nukta hakwenda kwenye nyumba nyingine. Alikaa kwake siku nyingi bila kusoma kitu. Hata maandishi kwenye pakiti ya chumvi yalimkera.

*

Alimwona mdogo wake gerezani miezi kadhaa baadaye, jina lake lilipokubaliwa kwenye orodha ya wageni. Walikaa pande mbili za wavu. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, kiganja kimepona kwa kovu linalong'aa.

"Wananiita Kufuli," alisema. "Kuna mwingine anaitwa Mchele, aliiba gunia. Tunalala karibu." Akacheka, na kicheko kilikuwa cha kweli, kile kile cha utotoni. Bi Nukta alitaka kumsindikiza katika kicheko hicho, akashindwa.

"Ulinisomea sentensi kabla haijatoka," mdogo wake alisema. "Ile siku njiani. Niisomee tena."

Akamsomea, kwa sauti ndogo, yote, mpaka neno la mwisho. Mdogo wake alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni nzuri," alisema.

"Niliahidi, halafu..."

"Najua ulichoandika, Dada. Wewe ulitimiza." Alikuna kovu. "Ila mimi humu nimefikiri. Hata ingetoka nzima, wale wasingerudi. Mkono ni wangu. Yeye alisema tu, na mimi nikaenda. Hakunishika mkono. Hilo nalo liandike siku moja, sijui utaliandikaje."

Bi Nukta hakujua pia. Alikaa akilitafuta mpaka askari akasema muda umekwisha.

"Mama anakula?" mdogo wake aliuliza, akisimama.

"Anakula," alisema, ingawa mama yao alikuwa amefikia uji wa kijiko kimoja kimoja, tena kwa kubembelezwa.

Wifi yake alikuwa nje ya lango, amekaa kwenye jiwe na kikapu kitupu miguuni. Wageni waliruhusiwa mmoja mmoja, naye alikuwa ameingia wa kwanza. Bi Nukta alidhani ameshaondoka. Tangu hukumu hawakuwa wamesemeshana hata salamu. Akapita mbele yake, akijua ataachwa apite kama hewa.

"Anataka sabuni ya upele," wifi alisema nyuma yake. "Mimi sijui inauzwa wapi."

"Najua duka," Bi Nukta alisema.

Wifi alinyanyuka, akajikung'uta vumbi. Walitembea upande mmoja wa barabara, jua likiwa bado juu, mpaka dukani.